Naomba ushauri: binti yangu ananakili majibu kwenye simu
Habari zenu wakuu. Niko Tukuyu, binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Mwalimu wa fizikia anatuma notsi na maswali kwenye kundi la WhatsApp, basi jioni simu yangu inakuwa yake. Juzi nimefungua daftari: majibu yote yamenyooka, hajafuta hata mstari mmoja. Nikamwambia anieleze swali la tatu, akainama kimya. Imeniuma sana. Kumnyima simu siwezi, maana vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) anavisoma humohumo kwenye maktaba mtandao, na mvua za huku umeme ukikatika ndiyo taa yake. Wenye watoto sekondari, mnafanyaje? Mwakani ana mtihani wa kidato cha nne.