Utitiri wa nyanya: abamektini tena au nihamie spiromesifeni?

Subukia_Nyanya: Wadau, kesho naingia agroveti. Utitiri mwekundu umerudi, majani ya chini yana vidoti vyeupe na utando. Nichukue abamektini au spiromesifeni? Hiyo ya pili bei yake inauma.

Njoro_Shambani: Nje au grinihausi? Msimu huu umepiga nini, mara ngapi? Bila hayo tunapiga ramli.

Subukia_Nyanya: Grinihausi. Abamektini mara 3, kila siku 7, chupa za majina tofauti. Ya kwanza iliwaangusha, ya tatu ni kama nimewaogesha.

Nyando_Kijani: Majina matatu, dawa moja. Acha picha ya chupa, soma kiambato na nambari ya kundi, yaani namna dawa inavyoua: abamektini ni 6, spiromesifeni 23, bifenazeti 20D, fenpiroksimeti 21A. Kwenye nyuzi 30 utitiri hutoka yai hadi mzazi kwa takriban wiki moja, kwa hiyo umechuja vizazi vitatu kwa chekecheo lilelile. Na yai lisilorutubishwa hutoa dume lenye seti moja tu ya kromosomu. Jeni ya usugu haina pa kujificha, hivyo usugu husambaa haraka. Nenda 23.

Fundi_Bomba: Mnakimbilia usugu mapema. Wengi hupiga juu ya jani, na wadudu wako chini. Pima kwanza. Majani 5 yenye utitiri yachovye sekunde 5 kwenye dawa ya kipimo cha lebo, mengine 5 kwenye maji matupu. Yakikauka, yalaze juu ya pamba yenye unyevu. Baada ya saa 48 shika lenzi ya mara 10, waguse kwa brashi laini. Asiyetembea, mhesabu mfu. Wa dawani wakifa wote ilhali shambani wanatamba, nozeli, ile ncha ya bomba, ndiyo ya kulaumiwa. Wa majini wakifa wengi, rudia.

Njoro_Shambani: Jaribio hilo la saa 48 usilitumie kwa spiromesifeni. Kuna grinihausi upande wa Rongai walihamia 23 vizuri kabisa. Siku ya pili majike bado yanatembea, wakasema dawa ni feki. Wakaongeza kipimo maradufu, halafu wakatia na pairethroidi, dawa inayoua wadudu wa kila aina. Spiromesifeni huzuia mwili kutengeneza mafuta: mayai na wachanga hufa, jike hupungua kutaga, lakini polepole. Pairethroidi nayo ikafagia maadui wa asili wa utitiri. Wiki ya tatu utando ulikuwa umefika vichipukizini.

Mama_Mboga_Bungoma: Kwani lazima sumu? Fungulia Phytoseiulus persimilis, wale utitiri wanaowala utitiri wenzao.

Nyando_Kijani: Kwenye waridi sawa. Kwenye nyanya, ikiwa ni Tetranychus evansi, utitiri mwekundu wa nyanya, persimilis hafui dafu. Anayemmudu ni Phytoseiulus longipes.

Mama_Mboga_Bungoma: Evansi si yule wa rangi ya chungwa? Macho yanatosha.

Njoro_Shambani: Hayatoshi. Tetranychus urticae, utitiri wa madoa mawili, naye ana aina nyekundu. Maabara huangalia kiungo cha dume chini ya hadubini.

Fundi_Bomba: Tumeingia maabara, mtu ana safari ya agroveti kesho.

Subukia_Nyanya: Nilisahau kusema, nimeshaanza kuvuna. Nachuma Jumanne na Ijumaa.

Njoro_Shambani: Ndilo lilikuwa swali la kwanza hilo! Angalia kwenye lebo siku za kungoja kabla ya kuvuna. Zikizidi 3, utaruka mchumo upi?