Naomba ushauri: kuku wa Kihindi wa nyumbani, rojo linakuwa jepesi na viungo vinabaki vibichi

UmmuRayan (Ntinda, Kampala)

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu wote. Mwisho wa mwezi mama mkwe anakuja kutoka Jinja pamoja na mawifi zangu wawili, na wameshatuma salamu kwamba wanataka kuku wa Kihindi. Pilau wanaila kila siku, matoke wanayo kwao. Mama mkwe amekulia mjini Jinja, ladha hiyo anaijua, kwa hiyo nataka nimwekee mezani kitu cha heshima.

Yananisumbua mambo matatu. Rojo halishiki: maji upande wake, nyanya upande wake. Viungo navyo vinaacha ladha ya unga mbichi ulimini, na nikiongeza ndiyo inazidi. Halafu mtindi ukishaingia sufuriani unakatika, unabaki chengachenga.

Ninavyotumia ni binzari ya pakiti, nyanya, vitunguu maji viwili, kitunguu saumu, tangawizi, mtindi na kuku broila anayekatwa na muuzaji. Jiko langu ni la gesi la plati mbili, na sigiri ninayo. Oveni sina. Nisaidieni: ninunue kuku gani, viungo gani, na nianze na nini?

Hajati_Butambala

Waaleikum salaam mwanangu. Mama mkwe akija, jikoni ni pako, usiogope.

Kwanza tuongee vitunguu, kwa sababu naona viwili tu, na hapo ndipo rojo linapokimbilia. Mchuzi wa Kihindi wa kuku haushikwi na unga, wala haushikwi na nyanya. Unashikwa na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaisha. Kwa kuku wa kilo moja na nusu weka vitunguu vikubwa vinne, ukate vyembamba vyote sawa. Mafuta yawe nusu kikombe, usiyaonee huruma, ya ziada utayaengua mwishoni. Moto wa wastani, na usiondoke. Dakika tano za kwanza vitalainika na kutoa maji, na watu wengi huishia hapo wakamimina nyanya. Wewe endelea. Dakika 15 mpaka 20 vitakuwa vimesinyaa na kupata rangi ya kahawia pande zote. Vikianza kushika chini, nyunyiza maji kijiko kimoja, ukwangue, uendelee.

Hapo ndipo unatia tangawizi na saumu zilizotwangwa pamoja, vijiko viwili vya chakula. Tangawizi yetu ya huku Butambala ni kali, ikiwa ndiyo uliyonayo punguza kidogo. Koroga dakika mbili mpaka ile harufu mbichi iondoke.

Viungo vya unga usivitie vikavu kwenye mafuta ya moto. Vinaungua kabla ya kuiva, na manjano ikiungua inakuwa chungu. Vichanganye kwanza na maji vijiko vitatu kwenye kibakuli, ndipo umimine. Koroga dakika moja, tia nyanya nne zilizosagwa na chumvi, halafu subira. Nyanya zitachemka, zitakauka, na mwisho utaona mafuta yanajitenga pembeni mwa sufuria na rojo linakuja pamoja na mwiko. Mpaka hapo viungo vimeiva. Mafuta yasipojitenga, hata ukiongeza viungo mkono mzima, ladha ya unga haitoki.

Ndipo kuku anaingia, bila maji! Mgeuze humo dakika saba hivi mpaka nyama ibadilike rangi, punguza moto, funika. Broila anatoa maji yake mwenyewe. Nusu saa inamtosha.

KijanaWaKisenyi

Mama Hajati amemaliza kwenye kitunguu. Mimi naongeza kwenye viungo, maana ndiyo biashara yangu.

Dada, ile binzari ya pakiti sehemu kubwa ni manjano, ndiyo maana mchuzi unakuwa wa njano lakini hauna harufu. Nenda soko la Nakasero ununue punje nzima, kidogo kidogo: dhania, jira, iliki, karafuu, mdalasini wa vijiti, pilipili manga. Sugua punje viganjani unuse. Isipokupa harufu, iache hapo hapo. Nyumbani zikaange kavu kwenye kikaango, moto mdogo, mpaka zinukie, kisha saga.

Kwa kuku mmoja: dhania vijiko viwili vya chakula, jira kijiko kimoja, manjano nusu kijiko cha chai. Hizo ndizo zinazoingia kabla ya nyanya. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga saga pembeni. Hiyo ndiyo garam masala, na inaingia dakika tano za mwisho, kijiko kimoja cha chai. Ukiitia mwanzoni harufu yote inaenda na mvuke.

Pilipili: kamulali, ile ndogo ya huku kwetu, ni kali mno na haina rangi. Wahindi wana pilipili ya Kashmir, nyekundu sana na si kali, inauzwa kwenye maduka yao mjini. Kijiko kimoja cha hiyo, mchuzi unapata ule wekundu wa hotelini bila kumchoma mgeni.

BabuWaWalukuba (Jinja)

Binti yangu, kabla hujawasha jiko, muulize mume wako mama yake anamaanisha kuku yupi. Kuku wa Kihindi si mmoja.

Mama yangu mzazi alifanya kazi jikoni kwa familia ya Kihindi hapa Jinja kabla ya 1972. Wahindi wengi wa hapa walikuwa Wagujarati, na wengi kati yao Wahindu wasiogusa nyama kabisa. Kwao ilikuwa dengu, mboga na chapati. Kuku alipikwa kwa Waismaili, kwa Masingasinga wa Punjabi na kwa Wagoa, na kila nyumba kwa namna yake. Wapunjabi ndio wa vitunguu, nyanya na garam masala kama alivyoeleza Hajati. Wagoa waliweka siki, na pilipili nyingi. Waismaili walipenda kuku wa nazi. Huyu mnayemwita kuku wa siagi, mwekundu na mtamutamu, ametoka mikahawa ya Delhi: kuku aliyechomwa kwenye tanuri la udongo, akaingizwa kwenye rojo la nyanya, siagi na malai. Mtu wa rika la mama mkwe wako sidhani alikula huyo utotoni.

Amin alipotoa amri Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90, maduka ya viungo ya hapa mjini yalifungwa mlango kwa mlango. Nyumbani kwetu tulikaa muda mrefu bila iliki wala karafuu, lakini mama hakuacha kukaanga kitunguu vilevile alivyozoea, na watoto tulijua kwa harufu kwamba leo kuna mgeni. Kwa hiyo nakubaliana na Hajati: hata ukikosa nusu ya viungo, kitunguu kikiiva chakula kitatambulika.

UmmuRayan

Asanteni sana wazee wangu, Mungu awazidishie. Nimemuuliza mume wangu. Anasema mama yake anazungumzia kuku "wa rojo la kahawia, anayeliwa na chapati, hana nazi". Nadhani ni huyo wa Kipunjabi.

Bado nina swali la mtindi, na la aina ya kuku. Broila nimewazoea ila kidari kinakauka. Nitafute kienyeji?

mpishi_Nsambya

Mtindi nijibu mimi, nimepika hotelini miaka mingi.

Unakatika kwa sababu ya moto. Ule uchachu pamoja na joto la ghafla unafanya protini ya maziwa ijikunje na kuachia maji. Toa mtindi kwenye friji saa moja kabla. Upige na kijiko kimoja cha unga wa dengu mpaka uwe laini, maana wanga unazuia kukatika. Sufuria itoe motoni kabisa. Tia kijiko kimoja, koroga, kingine, koroga, mpaka uishe, ndipo urudishe kwenye moto mdogo. Nusu kikombe kinatosha kwa rojo la Kipunjabi.

Angalia na unachonunua. Yogati nyingi za dukani hapa Kampala zina sukari na vanila, soma maandishi. Bongo, yale maziwa ya mgando ya hapa Uganda, ni nzuri kwa uchachu lakini ni nyepesi, kwa hiyo ichuje kwenye kitambaa safi saa mbili tatu ndani ya friji. Na usitumie isiyo na mafuta, hiyo inakatika upesi zaidi.

Mfugaji_Mukono

Kuhusu kuku. Broila ananyonya viungo haraka na anaiva haraka, kosa ni kupika kidari muda mmoja na mapaja. Nunua mapaja na miguu tu kama mfuko unaruhusu. Ama tia mapaja kwanza na kidari dakika 15 baadaye. Mwambie muuzaji amchune ngozi, ngozi kwenye mchuzi huu inakuwa na utelezi na inazuia viungo. Vipande viwe vidogo, 12 mpaka 16 kwa kuku mmoja, na mfupa wake.

Kienyeji ana utamu wake lakini ni wa saa moja na nusu au zaidi, kutegemea umri. Kuku wa mayai aliyechoka kutaga usimpeleke mbele ya wageni kama huna sufuria ya presha.

Mimi ningekupa Kuroiler. Ni mbegu iliyotengenezwa India kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, akaletwa Uganda zaidi ya miaka 10 iliyopita. Nyama yake imeshiba kuliko ya broila, na haisumbui kama ya kienyeji. Dakika 50 hivi kwenye moto mdogo. Akiwa na miezi minne ndiyo safi.

Asha_Mbale

Wifi yangu, mimi ni mtoto wa Mombasa niliyeolewa huku, ningekushauri kuku wa kupaka. Sigiri unayo! Kuku anachomwa kwanza kwenye mkaa, halafu anaingia kwenye tui zito la nazi lenye tangawizi, saumu, manjano na ndimu. Lakini kama mama amesema hana nazi, basi mpe anachotaka.

Rojo likikataa kushika, saga karanga zilizokaangwa, vijiko viwili, umalizie nazo.

mpishi_Nsambya

Asha, samahani, kwenye karanga sikubaliani. Hotelini tunasaga korosho kwa sababu haina ladha kubwa. Karanga inatawala sufuria nzima, na mtu wa Uganda akionja atasema hii ni binyebwa, ule mchuzi wetu wa karanga. Korosho zikiwa ghali, chukua mbegu za boga, zimenye, ziloweke maji ya moto, zisage laini. India nao husaga mbegu za matikiti kwa kazi hiyo hiyo. Ila kwa rojo la kahawia la Kipunjabi huhitaji chochote, kitunguu kinatosha.

Asha_Mbale

Nimekubali, karanga nazitoa. Mbegu za boga nitazijaribu mwenyewe.

KijanaWaKisenyi

Kwa kuwa sigiri ipo, usiiache bure. Kuku akishaiva, weka kibakuli kidogo cha bati katikati ya sufuria, juu ya nyama. Kipande kimoja cha mkaa kiwake mpaka kiwe chekundu chote, kiweke humo, dondoshea kijiko cha samli, moshi utapanda, funika mara moja. Dakika tano, toa. Utapata ile harufu ya tanuri ambayo jiko la gesi haliwezi kutoa. Mkaa uwashie nje, si ndani ya nyumba iliyofungwa.

Samli ya Ankole inafaa sana hapa.

UmmuRayan

Nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho: wageni wanafika saa sita mchana, na asubuhi nina mtoto wa kupeleka madrasa. Naweza kupika usiku wa kuamkia?

Hajati_Butambala

Upike tu mwanangu, mchuzi huu ukilala unazidi kuwa mtamu, viungo vinaingia mpaka mfupani. Lakini pika nyama iwe imara kidogo, maana itachemka tena. Usiiache mezani mpaka asubuhi. Ikipoa, kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu uitoe motoni, iingie kwenye friji kwenye chombo kipana. Asubuhi ongeza maji ya moto robo kikombe, uchemshe hadi itokote vizuri, ndipo utie garam masala na majani ya dhania. Hivyo viwili na moshi wa mkaa usivitie usiku.

Umeme wa kwenu ukiwa wa kukatika, basi usiku kaanga vitunguu, nyanya na viungo peke yake mpaka mafuta yajitenge. Hilo ndilo linalokula muda. Kuku mtie asubuhi, na chapati ukande ukisubiri aive.