Burkini: asili yake, mitindo, na kwa nini kanzu hupanda majini

Mwanakombo_Tanga
Salaam aleikum mafundi. Nataka kuanza kushona burkini (vazi la kuogelea la kusitiri mwili: kanzu, suruali na kofia) za wasichana wanaojifunza kuogelea, wengine bwawani, wengine baharini. Vazi hili limeanzia wapi, maana wateja husema ni la Uarabuni? Nishone mtindo gani? Na kwa nini zile za dukani, msichana akishaingia majini tu, kanzu yote hupanda kifuani?

Fundi_Laikra
Waaleikum salaam dada. Si la Uarabuni, ni la Sydney, Australia. Aliyelibuni ni Aheda Zanetti, mzaliwa wa Lebanon aliyehamia huko akiwa mtoto. Alimwona mpwa wake akicheza netiboli kajifunika nguo juu ya nguo, akatambua kwamba msichana wa hijabu hana vazi la michezo. Akaanza na hijabu ya michezo yenye umbo la kofia, kisha mwaka 2004 akatoa burkini. Jina limetokana na burka (vazi linalofunika mwili wote na uso) na bikini, ingawa uso hauzibwi hata kidogo. Baada ya ghasia za kibaguzi dhidi ya Waarabu kwenye ufukwe wa Cronulla, Sydney, Desemba 2005, shirika la waokoaji wa fukwe la Australia lilitafuta vijana wa Kiislamu wajiunge. Mmoja wao, Mecca Laalaa, alipofuzu uokoaji mwaka 2007 alivaa burkini ya nyekundu na manjano, rangi za waokoaji wenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo hili ni vazi la kazi ndani ya maji. Lishone hivyo.

Mitindo: kuna kanzu ya magotini yenye kofia iliyoshonewa moja kwa moja, kuna kanzu ya mapajani yenye kofia ya peke yake, na kuna kipande kimoja chenye zipu na sketi fupi kiunoni, kinachowafaa watoto. Kwa anayejifunza, chagua ya mapajani. Ya magotini inapendeza ufukweni lakini humzuia kupiga miguu.

Kanzu hupanda kwa sababu pindo ni pana. Mtu akishuka, hewa hunaswa ndani na maji husukuma kutoka chini, nguo inafunguka kama mwavuli. Punguza upana wa pindo, kisha ndani ya kanzu, usawa wa kiuno, shonea vitanzi viwili au vitatu vya kamba bapa, na vingine kwenye mkanda wa suruali. Vifungwe pamoja kabla ya kuingia majini. Kamba ziwe na nafasi ya sentimita 4 au 5, la sivyo akinyoosha mikono juu suruali itavutwa.

BiAsha_Cherehani
Mimi nasisitiza kitambaa, maana hapo ndipo pana hatari. Usikubali pamba, wala jezi ya fulana, hata mteja akileta mwenyewe. Pamba hunywa maji, ikawa nzito na kung'ang'ania miguu. Anayejifunza huchoka haraka. Kwa baharini tumia nailoni yenye laikra (nyuzi za kuvutika), takriban asilimia 80 kwa 20. Kwa bwawani ni bora polyesta ya nguo za kuogelea, kwani klorini, dawa ya maji ya bwawa, hula laikra: utaona magoti yamelegea na kitambaa kimepauka. Kwa mtu mzima, kitambaa cha upana wa sentimita 150, weka mita 3 ukijumlisha kofia. Rangi hafifu huonyesha mwili zikilowa, kwa hiyo tia bitana kifuani na nyonga, nayo iwe ya kuvutika.

Sindano iwe ya vitambaa vya kuvutika, namba 75/11. Sindano ya kawaida huruka mishono. Uzi polyesta, mshono zigizaga nyembamba au ovaloki (mashine ya kushona na kufunga kingo) ya nyuzi nne. Ukimaliza, shika mshono kwa mikono miwili uvute kwa nguvu. Ukisikia "tak", umetumia mshono ulionyooka, fumua.

Mwanakombo_Tanga
Ahsanteni sana. Na kofia? Nikiibana anasema inakaba, nikiilegeza inateleza machoni.

Fundi_Laikra
Usibane shingo, bana ukingo wa uso. Pima mzunguko kuanzia chini ya kidevu, kupitia mashavuni hadi juu ya paji. Ukiwa sentimita 55, kata lastiki ya 50 uivute sawasawa unaposhonea. Shingoni acha vidole viwili vipite. Kofia ikiwa imeungana na kanzu, ongeza sentimita 3 nyuma ya shingo, kwa sababu anayeogelea hugeuza kichwa kupumua. Pakikosekana nafasi, ukingo husogea hadi jichoni.

BiAsha_Cherehani
Na umwambie mteja: asuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tu akitoka, asikamue kwa kusokota, aanike kivulini. Pasi isiguse kabisa.