Tupeane uzoefu: hadithi ya kutisha ya zamani iliyogeuzwa filamu au muziki, ipi ilikushika?

Mwana wa Himbi (Goma)

Jambo wandugu. Naomba tuongee juu ya zile hadithi za kale za vitu visivyoeleweka, za waandishi kina Maupassant, Poe na Lovecraft, hasa pale zinapotoka kitabuni zikaingia kwenye filamu au kwenye gita. Kila mtu alete moja tu iliyomshika, na aseme ilimshikia wapi. Naanza mimi.

Yangu ni "The Colour Out of Space" ya Lovecraft, ya mwaka 1927. Jiwe linaanguka kutoka angani kwenye shamba la familia moja, karibu na kisima. Jiwe lenyewe linayeyuka na kuisha, ila kuna kitu kinabaki ardhini. Matunda yananenepa, yanapendeza machoni, lakini ukiyauma ni machungu. Mifugo inageuka kijivu na kumomonyoka ingali hai. Kisha zamu ya watu. Hakuna jino wala ukucha. Ni rangi tu, na mwandishi anasema haifanani na rangi yoyote tunayoijua.

Mtu wa Goma hahitaji kufafanuliwa. Nilikuwa na miaka tisa hivi, mbuzi wa jirani akapotea jioni. Asubuhi tukamkuta ndani ya kishimo katikati ya mawe ya volkano, amelala kama aliyesinzia, majani bado mdomoni. Kidonda hana. Nikataka kuinama nimguse, mama akanidaka mkono akanivuta nyuma kwa nguvu mpaka bega likauma: "Hapo kuna mazuku!" Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, inatuama kwenye mabonde kama maji, hasa alfajiri wakati upepo umetulia. Huioni. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mtoto aliye miguuni pake akaanguka.

Sasa filamu. Ile ya 2019 ya Richard Stanley, yenye Nicolas Cage, niliitazama usiku kwenye simu. Hapo ndipo nilipoona ugumu wa kazi yao: rangi isiyokuwepo utaionyeshaje? Walichagua majenta, ile pinki inayoelekea zambarau, ambayo kweli haimo katika upinde wa mvua. Hiyo ni akili. Lakini iliyonishika zaidi ni "Die Farbe" ya Huan Vu, ya Ujerumani, 2010. Filamu nzima ni nyeusi na nyeupe, na chenye rangi ni kile kilichotoka kwenye jiwe peke yake. Kilipojitokeza nilirudi nyuma kwenye kiti, na bega lile lile likanikumbusha mkono wa mama.

Haya, leteni zenu.

Gita la Kadutu (Bukavu)

Yangu haina hata neno moja la kuimba: "The Call of Ktulu" ya bendi ya Metallica, 1984, karibu dakika tisa. Mpiga besi wao, Cliff Burton, ndiye aliyewapelekea wenzake vitabu vya Lovecraft. Mimi yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliniletea wimbo huo kwenye flashi, wakati napiga gita la solo katika kwaya ya parokia. Jioni moja ya delestaji, umeme umekatwa, mvua inapiga mabati, nikaanza kuutafuta ule mwanzo: nyuzi zinadonolewa moja moja, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Vidole vilikataa wiki mbili. Siku vilipokubali, mdogo wangu akatoka chumbani akaniomba niache. Eti anasikia kuna kitu kinapanda kutoka ziwani. Sikuwa nimemsimulia lolote! Hakujua kwamba katika hadithi ya Lovecraft kweli kuna kitu kimelala chini ya bahari, kinangoja.

Mwaka 1999 waliipiga tena pamoja na okestra ya San Francisco, Michael Kamen akiongoza. Ni kubwa, inajaa nyumba. Bado nabaki na ile ya kwanza.

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu)

Habari zenu. Nafundisha Kifaransa, na kila mwaka nasoma na wanafunzi "Le Horla" ya Maupassant, ya 1887. Kifungu ninachosoma kwa sauti ni kile cha chupa. Yule bwana anajishuku kuwa ni yeye mwenyewe anayekunywa maji usingizini, basi anazifunga chupa kwa kitambaa cheupe, anajipaka risasi ya penseli midomoni, ndevuni na mikononi, analala. Asubuhi kitambaa hakina doa. Maji yamekwisha. Hapo darasa linanyamaza mpaka nasikia pikipiki za barabarani.

Niliwahi kuwaonyesha vipande vya "Diary of a Madman" ya 1963. Vincent Price namheshimu sana, ila humo Horla, kile kiumbe kisichoonekana, amepewa sauti, anaongea, anajieleza. Kiumbe akishajieleza umebaki na mgeni tu. Filamu fupi ya Jean-Daniel Pollet ya 1966 imeelewa zaidi: Laurent Terzieff na kinasa sauti chake, basi.

Siku hiyo msichana mmoja aliinua mkono. Juu ya kiumbe hakuuliza kitu. "Mwalimu, na wale watumishi waliokuwa ndani ya nyumba aliyoichoma?" Maana mwishoni yule bwana anaichoma nyumba yake ili amuue Horla, na watumishi wamo ndani. Miaka yote hiyo watumishi wale nilikuwa nawapita haraka. Mwaka huu tutaanzia kwao.

Chukudu (Goma)

Fupi tu. "The Thing" ya Carpenter, 1982, iliyotoka kwenye hadithi ya John W. Campbell ya 1938, juu ya kiumbe kinachojigeuza mtu yeyote. Niliionea kwenye kibanda cha filamu Birere, jenereta inanguruma nje, na ule muziki wa Morricone ukigonga chini kama moyo. Tulitoka sita, na njia nzima kila mmoja anamchungulia mwenzake machoni.

Na juu ya mazuku, Mwana wa Himbi, umesema kweli tupu.

Mukamalondo (Lubumbashi)

Aksanti kwa mada hii. Mimi ni "Nosferatu" ya Murnau, 1922. Ni "Dracula" ya Bram Stoker, kitabu cha 1897 juu ya mfu anayenyonya damu za watu, iliyobadilishwa majina kwa sababu ruhusa haikuombwa. Mjane wa Stoker aliwashtaki, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Nashukuru kutoka moyoni kwamba hazikwisha zote.

Niliiweka kwenye televisheni ya sebuleni, nkambo wangu, yaani bibi yangu, yuko pembeni anachambua mboga za lengalenga. Kusoma hajui, na filamu ni bubu, kwa hiyo nikakaa tayari kumsomea maandishi. Akanizuia kwa mkono. Kivuli kilipoanza kupanda ngazi, vidole virefu vimetangulia, lengalenga zikasimama. "Huyu ni mutumbula."

Mliokulia Katanga mnazijua hadithi za batumbula, wale waliosemekana kukamata watu gizani enzi za Wabelgiji, wakawanenepeshe ili waliwe. Nkambo alikuwa msichana mdogo. Jua likizama mama yake aliwaita wote ndani na kuhesabu vichwa. Hadithi hizo amenisimulia tangu utotoni, nami nilikuwa nazisikiliza huku nakula. Safari hii nilimwona, mwanamke wa miaka themanini na kitu, anapandisha miguu yake juu ya kiti ili isiguse sakafu.

Mwana wa Himbi (Goma)

Mukamalondo, mpe nkambo salamu zetu za Goma. Niambie jambo moja. Pale mwisho, Orlok, yule mnyonya damu wa filamu, anapobaki kando ya kitanda cha yule mwanamke mpaka jogoo anawika na jua linamfuta, jambo ambalo kitabuni kwa Stoker halimo, yeye alisema nini?

Mukamalondo (Lubumbashi)

Orlok hakumwangalia kabisa. Alimwangalia yule mwanamke anayekata roho. Akasema, "Jogoo amechelewa," akashusha miguu, akaendelea na lengalenga.