Mzigo wa besiboli umezuiwa, na Machi haiko mbali

Kutoka: Mama Baraka, Mbezi Beach

Ndugu wanajumuiya, habari za jioni.

Nimerudi sasa hivi, kwa mara ya tatu wiki hii, kutoka kwenye ofisi ya kutolea mizigo ambayo sitaitaja, na nimerudi mikono mitupu. Wengi mnafahamu kwamba tulirejea kutoka Maryland mwezi wa Oktoba, na kwamba Baraka, ambaye ametimiza miaka 13, ataondoka mwishoni mwa Februari kwenda kwa baba yake ili awahi siku za kuchagua wachezaji wa msimu mpya. Katika mzigo wetu uliokuja kwa meli mlikuwa na fimbo zake mbili za kupigia, wavu wa mazoezi, kinara cha kuwekea mpira na mipira dazeni mbili. Vyombo vya jikoni vimepita na magodoro yamepita, lakini vifaa vya mtoto vimewekwa kando, kwa maelezo kwamba idadi ya mipira inaonekana kuwa ya biashara na kwamba fimbo za alumini zinahitaji barua. Nilipouliza barua hiyo ni ya nani, mmoja alisema ya shule, wa pili akasema ya chama cha mchezo, na wa tatu akaniagiza nirudi na TIN na wakala ili TANSAD, yaani fomu ya tamko la forodha, irekebishwe.

Naomba kujua mambo mawili. Barua hiyo anaiandika nani, na inaelekezwa kwa nani? Na wakati tukisubiri, mtoto afanye mazoezi gani? Kila jioni namkuta kwenye varanda ya bibi yake ameshika mpini wa ufagio, amesimama kama aliye mbele ya mrushaji, na mimi sina la kumwambia.

Kutoka: Baba Neema, Tabata

Mama Baraka, pole sana. Yaliyokufika yalinifika mimi tuliporudi kutoka Houston, ingawa kwangu kilichozuiwa kilikuwa baiskeli mbili na mashine ya kukimbilia. Nilizungushwa wiki tano, na kila niliporudi nilikuta anayeshughulikia jalada langu ni mtu mwingine. Kilichonisaidia mwishoni ni kuthibitisha kwamba vifaa hivyo tulikuwa tumevitumia kwa zaidi ya miezi 12 kabla ya kuhama. Tafuta picha za mtoto akiwa na fimbo hizo uwanjani, zenye tarehe, uzichape na uziambatanishe.

Kutoka: Mama Tumaini, Sinza

Baba Neema, kwa heshima, naomba tusimpotoshe dada yetu. Miezi 12 unayoitaja ni ya gari, si ya baiskeli wala fimbo. Kwa vitu vya nyumbani vya mtu anayehama makazi, Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki linataka viwe vilitumiwa na mwenyewe kule alikotoka, na jambo la kuchunga ni muda wa kuviingiza bila ushuru, yaani siku 90 tangu msafiri alipoingia nchini. Kwa kuwa mliingia Oktoba, Mama Baraka, hesabu siku zako leo hii kabla ya kuhangaikia barua. Njia ya pili ni kuviandikisha kama vitu vilivyoingia kwa muda, ambavyo vitatoka tena ndani ya miezi 12, kwa sababu mtoto ataondoka navyo Februari.

Kutoka: Baba Neema, Tabata

Mimi nimeeleza yaliyonipata, sikunukuu sheria. Mizigo yangu ilitoka.

Kutoka: Baba Kelvin, Columbus, Ohio

Habari zenu wote nyumbani. Huku theluji imeanza na uwanja ulio mbele ya dirisha langu umekuwa mweupe.

Mama Baraka, mambo ya mzigo nawaachia wanaoyajua. Mimi nataka kusema juu ya mkono wa mtoto, kwa sababu nililichelewa jambo hili nyumbani kwangu. Kelvin wangu alikuwa mrushaji hodari kuliko wenzake wote, na mimi, kwa kuogopa kwamba watamwacha nyuma, nilimlipia ukumbi wa ndani ili arushe majira yote ya baridi. Alipofika miaka 15 kiwiko kilianza kumuuma, akanificha kwa muda wa miezi miwili, na tulipokwenda kwa daktari tuliambiwa kwamba kano ya upande wa ndani wa kiwiko imeumia. Ashukuriwe Mungu hakupasuliwa, lakini alikaa nje msimu mzima. Upasuaji wa kano hiyo unaitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974, na alikuwa mtu mzima aliyekwisha kucheza ligi kuu kwa miaka mingi. Siku hizi wanaolazwa mezani kwa sababu hiyo ni pamoja na vijana ambao bado wako shuleni.

Mwongozo wa Pitch Smart, wa kulinda mikono ya warushaji vijana, uliotolewa mwaka 2014 na ligi kuu ya besiboli ya Marekani pamoja na USA Baseball, chama cha mchezo huo huku, unasema kwamba mtoto wa miaka 13 au 14 asirushe zaidi ya mipira 95 kwa siku, na akifikisha 66 apumzike siku nne kamili kabla ya kurusha tena. Muhimu zaidi kwako ni kwamba unataka mkono upumzike kurusha kwa jumla ya miezi minne kila mwaka, na kati ya hiyo, miwili hadi mitatu ifuatane. Uchunguzi uliofanywa kwa warushaji vijana waliopasuliwa ulionyesha kwamba wanaorusha kwa zaidi ya miezi minane kwa mwaka, hatari yao ya kupasuliwa ni mara tano ya ile ya wenzao. Kwa hiyo Novemba, Desemba na Januari za Dar es Salaam si hasara kwa Baraka hata kidogo. Ndiyo miezi ambayo mkono wake unapaswa kulala.

Kutoka: Mzee wa Upanga

Wanangu, salaam.

Nilikaa Osaka miaka kumi na moja, na nyumba yangu haikuwa mbali na Nishinomiya, ulipo uwanja wa Koshien uliofunguliwa mwaka 1924, ambako vijana wa sekondari hucheza mashindano yao ya kiangazi mbele ya nchi nzima. Wakati wa baridi nilikuwa nikiwaona watoto wa mtaa wetu wakifanya kitu wanachokiita suburi, yaani kuzungusha fimbo hewani bila mpira, mizunguko kumi, kupumzika, kumi tena, hadi wafikishe mia, kila mzunguko ukianzia kwenye miguu na kiuno na si kwenye mikono. Jambo hilo halihitaji wavu wala kinara. Mpini wa ufagio wa bibi unatosha, na mama asimzuie.

Pia arushe mpira laini ukutani na kuudaka unaporudi, kila siku, nusu saa. Watoto wa Japani hutumia mpira wa raba, uliobuniwa kule Kyoto mwishoni mwa miaka ya 1910 kwa ajili yao, lakini mpira wa tenisi utafaa.

Tena Mama Baraka asidhani kwamba mchezo huu haujulikani hapa. Katika Shule ya Sekondari Azania, hatua chache kutoka ninapokaa, upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na vijana wetu wanashindana mashindano yanayobeba jina lile lile la Koshien. Mara ya kwanza niliposikia mlio wa fimbo na mpira ukitoka upande ule, nilisimama barabarani hadi machozi yakanitoka.

Kutoka: Baba Kelvin, Columbus, Ohio

Shikamoo Mzee wangu. Suburi naiunga mkono kwa moyo wote, lakini kurusha ukutani kila siku nusu saa sikubali, hata kama mpira ni laini. Kinachoumiza kiwiko ni mwendo wa mkono kutoka juu ya bega, na mwendo huo ni ule ule mpira uwe wa ngozi au wa tenisi. Kama ni ukuta, autupie mpira kwa mkono wa chini, asimame hatua tano, na shabaha yake iwe miguu na udakaji.

Kutoka: Mzee wa Upanga

Marahaba. Nimekaa na kufikiri, na mwanangu wa Columbus amesema kweli. Watoto niliowaona mimi walikuwa wengi, na sikuwafuata kujua viwiko vyao viliishia wapi. Autupie kwa mkono wa chini.

Kutoka: Mama Tumaini, Sinza

Kuhusu wavu, sioni sababu ya kuusubiri ule ulioko ghalani. Nenda soko la samaki la Feri asubuhi, au Kunduchi ambako ni karibu nawe, uwaulize wavuvi kama wanao wavu mkuukuu wanaotaka kuutupa. Chagua wenye matundu madogo kuliko mpira, uutundike mara mbili kati ya miti miwili ukiwa umelegea, kwa sababu wavu uliokazwa hurudisha mpira usoni kwa mtoto. Kinara nacho ni bomba la plastiki la fundi maji lililochomekwa kwenye ndoo ya zege, juu yake ukafunga kipande cha mpira wa ndani wa tairi ili fimbo isigonge plastiki. Mwanangu alitumia cha namna hiyo miaka miwili.

Kwa jicho, fanyeni kama watoto wa Jamhuri ya Dominika, ambao hupigia vizibo vya chupa kwa mpini wa ufagio. Kizibo hupinda hewani kuliko mpira wowote, na anayekipata katikati hatababaishwa na mpira wa kawaida. Vizibo vya soda havijawahi kuadimika Dar es Salaam. Jioni acheze rede na watoto wa mtaani, ila akae katikati na kukwepa, asiwe mrushaji, kwa sababu iliyoelezwa na Baba Kelvin. Hakuna zoezi la miguu na macho linalolipita.

Kutoka: Baba Neema, Tabata

Na fimbo? Keko wamejaa mafundi seremala. Mpelekee mmoja picha, akuchongee ya mninga, uachane na hao wa ghalani.

Kutoka: Baba Kelvin, Columbus, Ohio

Mninga ni mzito, kaka. Fimbo ya mtoto wa umri huo huwa na uzito wa kati ya gramu 600 na 750 hivi, na akizoea nzito zaidi atajifunza kuvuta kwa mabega. Ikiwa fundi atachonga, iwe ya mti mwepesi na iwe ya suburi tu. Zile za alumini lazima zipatikane, kwa kuwa ligi nyingi za umri wake huku zinataka alama ya USABat, ya kiwango cha fimbo za watoto, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, na fimbo ya alumini isiyo na alama inayokubaliwa huondolewa na mwamuzi kabla ya mchezo.

Kuanzia wiki ya mwisho ya Januari aanze kurusha taratibu, mita kumi, mipira 20, siku moja ndiyo na siku moja hapana, akisogea nyuma kila wiki. Asifike Marekani akiwa na mkono ulioamka jana.

Kutoka: Mama Baraka, Mbezi Beach

Ndugu zangu, asanteni sana, na Mzee wetu wa Upanga, shikamoo.

Nimehesabu siku kama alivyoelekeza Mama Tumaini, na zimebaki 26. Jana tulikwenda Kunduchi, mvuvi mmoja akatupa wavu bure na akakataa hata nauli ya kijana aliyeubeba. Tumeutundika kati ya mwembe na mnazi. Baraka anaamka saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali, anafanya suburi zake mia, kisha bibi yake, ambaye ana miaka 71, anakaa kwenye kigoda na kumrushia vizibo kimoja kimoja. Siku ya kwanza alipata vitatu katika hamsini. Leo amepata kumi na tisa, na bibi ndiye aliyehesabu. Glavu yake, ambayo alikuja nayo kwenye begi la ndege, ilikuwa imeanza kuota ukungu kwa unyevu wa huku, basi tunaifuta kila jioni na kuianika kivulini. Mkono wake hajaurusha tangu Jumapili, ingawa kumzuia kumekuwa kazi kubwa kuliko zote.

Asubuhi hii nilirudi tena ofisini na picha zenye tarehe. Wamezipokea, wakaniuliza barua. Kwa hiyo narudia swali langu kwa yeyote aliyewahi kuiandika: inaelekezwa kwa nani?