Ushauri: kubandua rangi na kutengeneza bodi ya Land Rover 109 ya mwaka 1976

Mrithi wa Ngaramtoni: Habari zenu wakuu. Marehemu baba aliniachia Land Rover 109 Series III, ambayo injini yake inawaka vizuri, lakini bodi imepakwa rangi juu ya rangi. Nilipokwangua mlango wa dereva nilikuta kijani, kisha nyeupe, kisha bluu, na chini yake puti (ile lipu ya kujazia mabonde ya bati) nene kama chapati. Pembezoni mwa mlango rangi imefanya malengelenge, na ukiyatoboa unatoka unga mweupe. Fundi mmoja hapa Arusha anashauri tupake kostiki soda usiku kucha ili rangi yote ibanduke, kisha apige grenda na kujaza puti upya. Bei yake ni nafuu, ila moyo unasita.

Fundi Bodi, Moshi: Ndugu yangu, kostiki usiikubali hata kwa bure. Mabati ya nje ya gari hilo kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, kwa sababu Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Kostiki huitafuna aluminiamu na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka upesi. Unga ulioukuta ndiyo kutu yake: mlango una fremu ya chuma ndani na bati la aluminiamu nje, na maji yakituama kati yake, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Tafuta dawa ya kubandulia rangi iliyoandikwa kuwa inafaa kwa aluminiamu, vaa glovu, fanyia kazi mahali penye hewa, ukwangue kwa kipande cha plastiki na umalizie kwa msasa. Brashi ya waya wa chuma huacha chembe zinazoanzisha kutu upya, na grenda hulipasha bati moto hadi likafanya mawimbi.

Dada wa Sakina: Kabla ya yote pitisha sumaku bodi nzima, isiposhika, ujue hapo pana puti.

Fundi Bodi, Moshi: Kwa Corolla, yenye bodi ya chuma, ni kweli, dada yangu. Hapa bati ni aluminiamu, sumaku haitashika hata pasipo na puti, kwa hiyo agonge kwa kifundo cha kidole: bati tupu hulia, penye puti hutoa sauti nzito. Sumaku aipeleke kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, hasa chini ya miguu. Na anayechomelea awe amezoea aluminiamu, maana huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza; asiyeijua hushtukia tundu. Bati linyooshwe kwa nyundo kwanza, puti isizidi milimita 3, na praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, iwe ya kushika aluminiamu.

Mrithi wa Ngaramtoni: Asante sana, mkuu. Jioni hii sumaku imeteleza mlango mzima. Chini ya miguu ya dereva imeshika, lakini nilipobonyeza kwa bisibisi, ilipenya hadi nikaona majani.

Fundi Bodi, Moshi: Basi rangi isubiri. Kata hapo mpaka ufikie chuma kizima, uchomelee kipande kipya kabla ya masika.