Ghala la betri za umeme mita 160 kutoka shuleni: hoja zipi zina uzito?

Mtaa_wa_Pili (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Kampuni imeomba kibali cha kuweka makontena 40 ya betri za litiamu, jumla MWh (megawati-saa) 200, kwenye kiwanja kilicho mita 160 kutoka madarasa ya shule ya msingi. Wazazi wamekataa, ila mabango yao yote yanasema "bomu" na "mionzi". Kikao cha kusikiliza maoni kimebakiza wiki sita, na kabrasha la mwombaji lina kurasa zaidi ya mia mbili. Wenye ujuzi, tusome wapi, tuulize nini, na hoja gani tuziache nje ya mlango?

Voltimita

Mkuu, mionzi muiache leo hii. Uga wa sumaku wa nyaya na transfoma hufifia upesi mno, kwa mita 160 hamna cha kupima. Mkianza na hilo, wajumbe hawatawasikiliza tena hata mkifika kwenye la maana.

Umbali nao msiutegemee peke yake. Mwongozo wa baraza la wakuu wa zimamoto Uingereza wa 2022 ulitaja mita 25 hadi majengo yenye watu, na NFPA 855, kanuni ya Marekani ya usalama wa moto kwenye maghala ya betri, huanzia mita 3 tu kutoka mpaka wa kiwanja. Mwombaji ana 160. Atawajibu kwa aya moja.

Ila vipimo hivyo vinahusu zaidi moto na mlipuko. Shida ya shule ni moshi. Seli, yaani betri moja moja ndani ya kontena, ikipata hitilafu (kasoro ya kiwandani, kipozeo kuvuja, chaji kupita kiasi) huanza kujichemsha yenyewe na kuchemsha ya jirani, huku ikitoa haidrojeni, kaboni monoksidi na haidrojeni floridi, ambayo hata kidogo ni sumu kali. Kontena la MWh 5 lina seli kama 5,000, kila moja karibu kWh 1.

Kwa hiyo ombeni kwa maandishi:

Aina kamili ya seli na modeli yake. Kama ni LFP (litiamu yenye chuma na fosfeti), watasema "hii haiwaki". Ni kweli huchelewa kuwaka kuliko NMC (yenye nikeli, manganizi na kobalti), lakini gesi yake ina haidrojeni nyingi, na ikikusanyika bila kuwaka ndipo mlipuko unapoandaliwa.

Ripoti nzima ya UL 9540A, hadi ngazi ya kontena au kabati zima. UL 9540A ni njia ya kupima jinsi kujichemsha huko kunavyosambaa, haina kufaulu wala kufeli. Kabrasha likiandika "tumefaulu UL 9540A", aliyeandika hajaisoma. Kisha linganisheni: seli iliyopimwa ndiyo itakayowekwa? Mara nyingi modeli imebadilika katikati.

Hesabu ya usambaaji wa moshi, hapa msome mstari kwa mstari. Moto mkali hurusha moshi juu. Kontena linalofuka bila kuwaka ndilo hutambaza gesi chinichini. Hesabu nyingi huchukua moto mkali na upepo wa wastani, halafu namba zinatoka nzuri. Dai hesabu ya kufuka, upepo dhaifu wa mita 1.5 kwa sekunde, hewa imetulia, ukielekea shuleni, na kiwango cha haidrojeni floridi kwenye usawa wa dirisha la darasa. Kama haimo, kabrasha halijakamilika, na hiyo ni hoja ya kuahirisha kikao.

Nozeli

Naongezea upande wa uokoaji. Arizona, Marekani, tarehe 19 Aprili 2019, kontena la MWh 2 lilianza kufuka. Mfumo wa gesi ya kuzimia ulifanya kazi lakini haukuzuia seli kuendelea kujichemsha. Saa kama tatu baadaye mlango ukafunguliwa, gesi ikalipuka, wazimamoto wakaumia. Ulizeni basi: kuna vipimo vya gesi vinavyosomeka ukiwa nje ya uzio? Kuna feni za kutoa gesi au mabati ya kupasukia (yanayofunguka ili mlipuko utokee hapo), na yanaelekea upande gani? Yasielekee shuleni.

Maji: mwongozo ule wa Uingereza ulitaka lita 1,900 kwa dakika kwa saa mbili. Hiyo ni lita 228,000, ambazo kazi yake ni kupoza makontena jirani, si kuzima linalowaka. Maji hayo yanaishia wapi? Mtaro ukipita uwanja wa shule, dai bwawa la kuyanasa lenye vali ya kufunga.

Mageti yawe mawili, pande mbili tofauti. Geti likiwa moja na moshi ukaja upande huo, gari halipiti.

Na mpango wa dharura uitaje shule kwa jina: nani anampigia mwalimu mkuu, ndani ya dakika ngapi, watoto wanafungiwa madarasani au wanahamishwa. Kufunga madirisha kunasaidia kwa muda tu kama darasa halina matundu ya juu. Kakagueni.

Desibeli

Mnasahau kelele, ambayo ni ya kila siku, wakati moto huenda usitokee kamwe. Chukua mfano: kontena moja linatoa desibeli 60 kwa mita 10. Kila umbali ukizidi mara mbili unapunguza 6, hivyo kwa mita 160 zinabaki 36. Lakini makontena ni 40, ongeza 16. Zinakuwa 52 nje ya darasa, na inveta (mashine za kugeuza umeme wa betri uingie gridi) sijazihesabu. Dirisha wazi linakata labda 10 hadi 15. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 35 ndani ya darasa. Feni huenda kasi zaidi mchana wa jua, yaani saa za masomo. Ukuta wa kuzuia sauti na feni za mwendo wa chini vinapunguza sana, ila viandikwe kwenye kibali, si kwenye hotuba.

Kiwashio

Mimi siupingi mradi wenyewe, na wajumbe watakuwa na takwimu za EPRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, mezani: hitilafu kwa kila uwezo uliofungwa zilishuka kwa asilimia 97 kati ya 2018 na 2023. Mkitaja moto wa ghala la betri la Moss Landing, California, wa Januari 2025 watajibu kwamba betri zile zilikuwa NMC ndani ya jengo, na watakuwa sahihi.

Hitilafu nyingi hutokea miaka miwili ya kwanza, chanzo kikiwa ufungaji zaidi kuliko seli. Moto wa ghala la betri karibu na Geelong, Australia, Julai 2021, ulitokea kwenye majaribio: kipozeo kilivuja, kontena lilikuwa limezimwa kwa ufunguo hivyo ulinzi wake mwingi na taarifa zake zilikatika, na upepo ukapeleka moto kwenye paa la kontena jirani. Hivyo wekeni masharti mahali hapo: chaji ya kwanza na majaribio yafanyike likizo ya shule, chumba cha ufuatiliaji kiwe hewani kabla kontena la kwanza halijawashwa, na kontena lililozimwa liendelee kutuma joto na ishara za gesi. Halafu muulize kwa nini makontena yasianzie upande wa mbali wa kiwanja, ukuta wa shule upakane na transfoma na maegesho. Michoro ya kwanza huwa inafuata urahisi wa nyaya tu.